Baraka Isiyoombwa

Doña Mélida hakuja hotelini kupumzika, ingawa kila aliyekutana naye tangu getini alimwambia apumzike. Walimfunga bangili ya plastiki mkononi, wakampa glasi ya juisi iliyotiwa rum, wakamwambia kuanzia sasa kila kitu ni chake, ale, anywe, bwawa lile pale, bahari ile kule. Aliishika ile glasi kwa mikono miwili asiinywe, macho yakizunguka ukumbi mzima kumtafuta mwanawe. Binti yake Yokasta, aliyeilipia safari nzima kwa kunyoosha nywele za watu huko New York, alimvuta kiwiko akamwambia atulie, kijana atatokea tu. Atulie! Mtu katoka nyumbani San Juan kabla ya jua, kavuka nchi kutoka upande mmoja hadi mwingine na jambo moja tu kifuani, halafu anaambiwa atulie.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanawe wa pekee wa kiume, Radhamés, alikuwa mmoja wa wale vijana wa fulana za njano wanaowachangamsha wageni hapo hotelini, wanaowachezesha, wanaowaogelesha, wanaowachekesha hata wasiotaka kucheka. Na katika nyumba yoyote ya watu wenye adabu huku Dominikana, mtoto hamuulizi mzazi wake habari kabla hajaomba baraka. "Baraka, mama," anasema, awe mtoto wa chekechea au mzee mwenye mvi, awe mlangoni au kwenye simu. Mama anajibu, "Mungu akubariki," ndipo maneno mengine yanafuata. Mtoto asiyeomba amekutukana, na mzazi naye hatoi baraka asiyoombwa, maana ataonekana anajipendekeza kwa aliyemzaa. Radhamés alikuwa hajamwomba mama yake baraka tangu baba yake, Don Silvano, alipofariki, na hiyo ilikuwa inakaribia mwaka.

Si kwamba kijana alikosa adabu. Mama mwenyewe ndiye aliyemkataza. Asubuhi ya maziko, nyumba imejaa waombolezaji na Don Silvano yuko sebuleni kwenye jeneza, jirani mmoja mwenye kiherehere alimwonyesha Doña Mélida video kwenye simu. Alikuwa Radhamés, jukwaani, usiku uleule uliopita, kavaa kofia ya manyoya, anakata kiuno mbele ya watalii wanaopiga makofi. Baba kalala maiti na mwana anacheza! Simu ya kijana ilipolia muda mfupi baadaye, mama hakumpa nafasi hata ya kumaliza salamu. Alimwambia, mbele ya wote waliokuwapo, kwamba alipocheza ndipo akakae, na hiyo baraka asimtamkie tena maisha yake yote. Akakata simu, akaenda kumzika mumewe.

Hasira ilimkaa miezi mingi, na ilimfaa, maana ilimpa kitu cha kufanya. Lakini hasira nayo inachosha. Nyumba ilikuwa kubwa, jikoni alipika chakula cha watu wanne kwa mazoea akala peke yake, na kila simu ya Yokasta ilipofika mwisho alitega sikio asikie kama kuna salamu za mtu mwingine. Kumpigia kijana mwenyewe? Thubutu! Mzazi hampigii magoti mtoto. Kwa hiyo Yokasta alipomwambia kwamba amewalipia siku tatu hotelini kwa Radhamés, Doña Mélida alijifanya kugomagoma kidogo, kisha akafunga begi. Hesabu yake ilikuwa fupi: ataniona, atashikwa na haya, ataomba, nitajibu, yatakuwa yamekwisha.

Alimwona mchana huo kwenye bufee. Doña Mélida alikuwa anaukagua wali kwa kijiko, mweupe, laini, hauna ukoko hata wa dawa, akijiuliza watu gani hawa wanaoutupa ukoko, ndipo akaisikia sauti yake. Radhamés alikuwa anapita meza kwa meza, kipaza sauti kidogo kimeshikizwa sikioni na kuning'inia mbele ya mdomo, anawatania Wakanada na kuwaalika kwenye michezo ya alasiri. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia dada yake haraka haraka, kisha akamgeukia mama yake, akasimama wima, akasema, "Karibu sana, Doña. Tunafurahi kuwa nawe." Akainamisha kichwa, akaenda meza nyingine.

Doña! Neno la heshima, ndiyo, lakini analoitwa mama yeyote barabarani. Kijiko kilimponyoka kikaangukia kwenye maharage. Yokasta alikiokota, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hotelini kuna sheria: mfanyakazi haketi na mgeni, hali naye, haingii chumbani kwake, awe ndugu au si ndugu, na kamera zipo kila pembe. Mahali pekee ambapo Radhamés aliruhusiwa kukaa na mgeni, tena kwa lazima, ni kwenye michezo.

"Ukitaka kuwa naye karibu, mama," Yokasta akasema, "itabidi ucheze."

Basi Doña Mélida akacheza. Mwanamke wa miaka sitini na saba, aliyevaa nguo nyeusi za eda, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti, akaingia kwenye mazoezi ya bwawani na fulana nyeusi na sketi nyeusi. Sketi ikajaa hewa ikaelea juu, akawa anaipiga ishuke huku wenzake wanarusha mikono. Radhamés kasimama ukingoni anapiga kelele, moja, mbili, juu, chini! Kijana alimwita kila mwanamke malkia wake. Alipofika kwa mama yake alisema tu, "Vizuri, Doña," na macho akayapeleka baharini.

Akatoka bwawani akaenda kulenga shabaha kwa mishale. Mshale wa kwanza ukaingia mchangani, wa pili ukamkosa kidogo mzee wa Kijerumani aliyelala kwenye kitanda cha jua. Radhamés alikuja nyuma yake kumshika viwiko amwonyeshe, kama anavyowashika wote, na kwa muda mfupi Doña Mélida aliisikia pumzi ya mwanawe shingoni. Akangoja. Sasa hivi, alijiambia, sasa hivi atasema. Kijana akasema ainue kiwiko cha kulia kidogo. Akainua, akaachia, na mshale haukujulikana ulikoenda.

Alikwenda bingo, akashinda chupa ya rum asiyoijua kazi yake. Alikwenda kurusha viatu vya chuma vya farasi kulenga kigingi, akaenda kusukuma mpira kwa fimbo, akaenda hata kwenye somo la kuchanganya vinywaji, ambako alikaa mbele akiwa amekunja mikono na hakuonja tone. Wageni walianza kumjua, yule bibi wa nguo nyeusi, wanampungia mkono. Kila mahali ilikuwa vilevile: karibu Doña, vizuri Doña, asante kwa kushiriki Doña. Adabu tupu, nayo ilikuwa inamuua. Angemtukana ingekuwa nafuu, angalau angejua pa kuanzia.

Na kukaa hakukukalika. Yokasta alimtandikia taulo kwenye kitanda cha jua, mama akakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, kisha akainuka. Chumbani alimkuta bata aliyekunjwa kwa taulo juu ya kitanda, akamkunjua, akaitundika taulo mahali pake. Alitandika vitanda kabla mfanya usafi hajafika. Aliosha vikombe. Alisimama kwenye kibaraza, akarudi ndani, akasimama tena, hadi Yokasta akamwambia, "Mama, kaa basi, unanizungusha kichwa."

Jioni ya pili walikwenda kula kwenye ule mgahawa wa nyama unaohitaji kuweka nafasi mapema. Doña Mélida alivaa viatu vyake vya kanisani. Aliposhindwa kula mkate alianza kupanga sahani za meza yao na za meza ya jirani, moja juu ya nyingine, ili azipeleke jikoni, na mhudumu akaja mbio kumzuia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya watu wa kule kwao.

"Doña, ukinisaidia watanifukuza mimi," akasema huku anacheka. Kisha akamtazama vizuri usoni, na kicheko kikaisha. "Wewe ni mama yake Radhamés. Macho ni yaleyale."

Aliitwa Nereida, wa Las Matas, kilima kimoja tu kutoka kwao. Hakuruhusiwa kusimama mezani zaidi ya kupokea oda na kuweka sahani, kwa hiyo habari aliyokuwa nayo aliileta vipande vipande, kila kipande na chakula chake. Alipoleta supu alisema kwamba hotelini wafanyakazi wote huacha simu kwenye makabati ya chuma wanapoingia kazini, na hawazioni tena hadi zamu iishe. Akaondoka. Doña Mélida hakuigusa supu.

Alipoondoa supu na kuleta saladi, Nereida alisema kwamba Don Silvano alipofariki alasiri ile, Radhamés alikuwa tayari kazini. Alichezesha watu bwawani, akala, akavaa ile kofia ya manyoya, akapanda jukwaani, na hakuna binadamu aliyekuwa amemwambia lolote. Alishuka jukwaani akicheka. Akafungua kabati lake, akawasha simu.

"Alikaa chini pale pale sakafuni na kofia kichwani," Nereida akasema. "Mimi ndiye niliyemvua."

Yokasta aliziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Doña Mélida alikaa wima, mikono mapajani, akisubiri nyama kwa hofu ambayo hajawahi kuwa nayo kwa chakula. Nyama ikaja. Nereida aliiweka taratibu, akamwagia mchuzi, akasema kwamba kijana aliondoka usiku huohuo bila kumuaga bosi, akadandia lori la samaki hadi mji mkuu, akapanda basi la kwanza la kwenda kwao. Alikuwa amefika Azua alipopiga simu. Saa mbili tu kutoka nyumbani. Baada ya simu ile alishuka na begi lake, akakaa kituoni mchana kutwa, akapanda la kurudi.

"Kwa nini hakuniambia hata mimi?" Yokasta akauliza.

"Nilimuuliza hivyohivyo," Nereida akajibu. "Akasema mama amekataza, basi, hayo si ya kuzunguka nayo." Akachukua chupa ya maji iliyokwisha, akaenda meza nyingine ambako mtu alikuwa anapunga mkono.

Chumbani Doña Mélida alikaa kitandani bila kuvua viatu vyake vya kanisani. Miezi yote hiyo alikuwa akijiona ndiye aliyekosewa, akaivaa ile hasira na nguo za eda pamoja, na kumbe mtoto alikuwa njiani. Alikuwa Azua! Angemwacha amalize sentensi moja tu, kijana angemwona baba yake kabla ya udongo. Sasa aelewe nini kwenye zile Doña, Doña? Kijana hakuwa anamlipiza kisasi. Alikuwa anamtii.

Asubuhi aliamka na nia ya kumtafuta, lakini nia na miguu ni vitu viwili. Mzazi anayesema amekosa, kwao, hajaonekana. Mama yake hakuwahi kumwambia hivyo, wala bibi yake. Alimtafuta kwenye bufee, akaambiwa yuko na wageni wa baiskeli. Alikwenda ufukweni, baiskeli zimesharudi naye hayupo. Basi la kuondoka lilikuwa saa sita mchana. Alizunguka bwawa lote, akapita mbele ya ubao wa ratiba mara kadhaa kabla hajausoma: saa tano, kivulini, somo la Kihispania kwa wageni, mwalimu Radhamés.

"Mama, unakwenda kujifunza Kihispania?" Yokasta akamuuliza, hajui acheke au alie.

"Nakwenda," akajibu, na akatembea.

Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Doña Mélida alikaa mstari wa mbele, kati ya mzee aliyebabuka na jua na dada wawili wa Kikanada waliovaa kofia zinazofanana. Radhamés alifika anakimbia, kipaza sauti mdomoni, akamwona, akapoteza neno moja, akalipata. Somo lake lilikuwa rahisi: yeye anasema, wao wanarudia kwa nguvu. Habari za asubuhi! Habari za asubuhi, wakapiga kelele, kila mmoja kwa ulimi wake. Jina langu ni fulani! Nina njaa! Bia moja tafadhali! Hiyo waliirudia vizuri kuliko zote. Doña Mélida peke yake alikuwa kimya, mkoba umebanwa magotini. Mwishoni Radhamés aliuliza kama kuna mwenye swali, akiwatazama watu wa nyuma.

Doña Mélida akanyoosha mkono. Mgeni akinyoosha mkono lazima ajibiwe, ndiyo kazi.

"Mwalimu," akasema, "umeruka salamu moja."

"Ipi hiyo, Doña?"

"Mtoto akimwona mama yake asubuhi, anasemaje?"

Radhamés alishusha macho. Wageni walikaa tayari, midomo nusu wazi, wakisubiri cha kurudia.

"Hiyo siruhusiwi kuisema, Doña."

"Sheria ya hoteli?"

"Sheria ya mama yangu."

Doña Mélida aliinuka. Aliwaona Yokasta pale kwenye nguzo, msimamizi mwenye redio ya mawasiliano karibu na baa, na watu hao wote wasiojua neno lake hata moja, akaona ni afadhali wawepo.

"Mama yako alikosea," akasema. "Hakujua habari za simu, hakujua habari za Azua. Amejua jana. Alikukataa mbele ya watu, na leo anakuambia mbele ya watu kwamba alikosea. Sasa niombe, Radhamés. Tafadhali."

Kijana akavuta pumzi ndefu iliyosikika kwenye spika zote za bwawa.

"Baraka, mama."

Na wageni, watoto wazuri wa darasani, wakaijaza hewa wote kwa pamoja: "Baraka, mama!" Mzee aliyebabuka na jua aliisema kwa nguvu kuliko wote, kisha akairudia peke yake ili aikamate vizuri.

Doña Mélida alilia, ndiyo, alilia waziwazi, lakini baraka ikiombwa hujibiwa. Alimfikia mwanawe, akamshika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akubariki, akulinde, akurudishe nyumbani." Halafu akawageukia wale wa kwenye viti vya plastiki, maana nao walikuwa wameomba, akawabariki wote kwa jumla. Wakapiga makofi. Msimamizi aliishusha redio yake, akajishughulisha na vikombe vya baa ambavyo si kazi yake.

Radhamés alikiziba kipaza sauti kwa kiganja. Aliinamia sikio la mama yake, na kile alichouliza hakuna aliyekisikia ila yeye.

"Mama, baba mmemlaza upande gani pale makaburini? Sipajui."

Siku zote tatu Doña Mélida alikuwa amejitayarisha kwa kila jambo isipokuwa hilo. Alimshika mkono akaubana, basi la saa sita likiwa tayari linapiga honi mbele ya ukumbi.

"Kando ya bibi yako, karibu na ukuta," akasema. "Njoo. Nitakupeleka mimi mwenyewe."